Kikosi cha Jembe Moja

Hotuba ya Bwana Damiani Stefano kwenye baraza la Mungaa, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, 1950, siku ya kuzindua Kikosi cha Vijana cha Kuhifadhi Udongo. Imeandikwa neno kwa neno na karani Kefa, ambaye ameagizwa kuandika pia namna watu walivyofurahi.

Mheshimiwa Bwana Mkaguzi wa Hifadhi ya Udongo, ambaye mwenyewe hajafika lakini kiti chake kimefika na kimefunikwa kitambaa. Mheshimiwa Jumbe Filipo, mwenyeji wetu na mwenye eneo lote kuanzia kwenye majabali mpaka kwenye kisima cha chini. Waheshimiwa wazee wa baraza, kwa mpangilio wa umri, na pale umri ulipolingana kwa mpangilio wa idadi ya ng'ombe. Mheshimiwa Mwalimu Ezekieli wa shule ya misheni, mtu pekee hapa anayesoma Kiingereza bila kusogeza midomo. Watu wa kanisani na watu wa msikitini, ambao leo mmekaa mkeka mmoja na mmenirahisishia salamu. Akina mama mlioketi juani kwa hiari yenu. Vijana shupavu wa Kikosi, mliosimama kwa urefu, mrefu kulia na mfupi kushoto, kama nilivyowafundisha. Na wewe karani Kefa, andika vizuri na usiruke cheo cha mtu: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, hamjambo kwa wanaostahili hamjambo, na huyo mbuzi wa Jumbe anayekula kitambaa cha kiti cha Mkaguzi naomba afukuzwe.

(Kicheko. Mbuzi anafukuzwa. Mbuzi anarudi.)

Kwa wale wasionijua, na kwa wale wanaojifanya hawanijui, mimi ndiye Damiani Stefano, Bwana Shamba Msaidizi wa Muda, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda, na tangu mwezi wa nne mwaka huu Kamanda Mkuu wa Kikosi cha Vijana cha Kuhifadhi Udongo, Maji, Miti na Mambo Yanayohusiana Nayo, Tawi la Mungaa. Vyeo vyote hivi nimevibeba peke yangu, bila msaidizi, bila baiskeli, na kwa jozi moja ya viatu ambavyo mnaviona hapa vimepakwa mafuta kwa heshima yenu. Mtu mwingine angelalamika, lakini mimi nimenyamaza miezi yote hii na nimekusudia kuendelea kunyamaza kwa muda wa saa mbili zijazo, nikiwaeleza.

(Wazee wanatazamana. Bibi mmoja anauliza kama kuna uji.)

Sasa nianze na tatizo lenyewe, kwa sababu skimu yoyote isiyo na tatizo haiwezi kuandikiwa riporti. Tatizo letu ni korongo. Mnalijua nyote. Lilianza kama njia ya ng'ombe kwenda majini, ikawa mfereji, mvua zikaupanua, na mvua za mwezi wa tatu mwaka huu zikalifanya kuwa shimo ambalo ng'ombe akiingia anatolewa kwa kamba. Limekula shamba la uwele la Mama Anastazia, huyu mjane aliyekaa hapa mbele kushoto. Likamaliza ghala lake. Likachukua nusu ya zizi. Na hivi leo mdomo wake umesimama hatua kumi na nane kutoka kwenye mlango wa tembe yake. Nimezipima mimi mwenyewe, kwa viatu. Mvua kubwa zikianza kabla halijazibwa, tembe ile itaingia shimoni pamoja na mafiga, na nasema wazi mbele ya baraza kwamba jambo hili limeniuma kama binadamu kabla halijaniuma kama ofisi.

(Mama Anastazia anasema, bila kuinuka, kwamba sasa ni hatua kumi na tano. Ukingo mwingine ulianguka Jumatano.)

Kumi na tano. Asante Mama, karani asahihishe. Huo ndio ushirikiano baina ya raia na dipatimenti ambao nimekuwa nikiuhubiri.

Sasa mtu wa kawaida, akiona korongo, hukimbilia mawe. Simlaumu, hajasoma. Lakini korongo likishaingia kwenye fail, haliwi tena shimo la mtu, linakuwa shimo la serikali, na shimo la serikali huzibwa kwa utaratibu. Ndiyo maana mwezi wa pili, kwa mkono wangu huu na kwa wino wangu mwenyewe, niliiandikia ofisi ya juu barua ya kurasa tano kuomba ruhusa ya kuunda kikosi cha vijana. Nikasubiri. Kimya. Nikasubiri wiki sita, kimya. Mwenye akili ndogo angesema, basi, tumekataliwa. Mimi nimekaa ofisini miaka tisa, naijua tabia ya serikali: ikikataa, inakataa upesi na kwa herufi kubwa, lakini ikikubali inanyamaza kwa heshima. Nikaelewa kwamba tumekubaliwa sana. Siku hiyohiyo nikaanzisha Kikosi.

(Makofi kutoka kwa Jumbe Filipo. Wengine wanafuata, kwa kuwa Jumbe anawatazama.)

Vijana walijitokeza thelathini na wawili siku ya kwanza, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na jembe la kwao begani. Miongoni mwao ni huyu Alute, mtoto wa Mama Anastazia, ambaye nataka mumtazame vizuri. Alute alikuwa amekwisha tupa furushi lake kwenye lori la watu wanaokwenda kukata mkonge. Lori limewashwa, dereva anapiga honi. Nikafika mbio, nikamwambia mbele ya mama yake: "Alute mwanangu, teremka. Kabla ya mvua korongo hili litakuwa limezibwa. Nakuahidi kwa cheo changu." Akashusha furushi. Wakati ule nilikuwa na vyeo vitatu, kwa hiyo mtaona wenyewe uzito wa ahadi.

(Watu wanamtazama Alute. Alute anatazama wingu lililosimama upande wa mashariki.)

Vijana hawa walitaka kuanza kuziba korongo siku hiyohiyo. Nikawazuia, na niliwazuia kwa huruma, maana kijana akiumia kabla hajaandikishwa, ameumia kama nani? Tukaanza na uandikishaji, ambao ulichukua wiki tatu kwa sababu rejista ilikuwa na mistari ishirini na tano na vijana walikuwa thelathini na wawili, nikalazimika kuandika barua ya kuomba mistari saba. Halafu ikaja kamati ya jina. Tulikaa vikao sita. Kuna waliotaka tuitwe Kikosi cha Kuziba Korongo, jina fupi lisilo na hadhi, linalomfanya mtu aulize mmeziba wapi. Jina tulilolipata mwishoni linachukua pumzi mbili kulitamka, na mpaka leo hakuna aliyeuliza chochote.

Halafu gwaride. Wapo wanaonong'ona kwamba miezi miwili vijana walikuwa wanatembea na majembe begani kutoka kwa Jumbe mpaka kisimani na kurudi. Ni kweli, na natamka kwa fahari kwamba hakuna kikosi cha udongo katika Jimbo la Kati chenye miguu iliyonyooka kama hii. Mguu wa kushoto unashuka pamoja, wa kulia unashuka pamoja, na ardhi inasikia. Mama Anastazia alikuja kulalamika kwamba tukipita karibu na kwake ukingo unaporomoka. Nikabadilisha njia siku ileile. Kamanda asiyesikiliza raia si kamanda.

(Kicheko kirefu. Mama Anastazia naye anacheka, anajifuta macho na pindo la kanga.)

Sasa takwimu, na naomba walio mbali wasogee, maana takwimu hazipigiwi kelele. Mwezi wa pili korongo lilikuwa na urefu wa hatua mia mbili na kumi. Leo lina hatua mia mbili na arobaini. Hilo ni ongezeko la pasenti kumi na nne na vipande. Niambieni, ni kitu gani kingine katika eneo hili la Jumbe Filipo kilichoongezeka kwa pasenti kumi na nne mwaka huu? Si uwele, si kuku. Kwenye riporti yangu ya mwezi huu safu yenye kichwa "Maendeleo" ilikuwa tupu, nikaijaza na tarakimu hiyo, na ikapendeza.

Mwezi wa tano ofisi ya juu ilituletea zana. Zana zenyewe ni jembe. Hili hapa mkononi mwangu, limefungwa karatasi ya kaki na uzi, kama lilivyotoka kiwandani. Hili ni jembe la mfano. Jembe la mfano halilimi, jamani, linaonyesha. Tumelitumia kikamilifu: kila kijana alilishika dakika mbili juu ya karatasi, akasoma uzito wake kwa mikono, akampasia mwenzake. Leo Bwana Mkaguzi angelifungua mbele yenu, na akifika bado atalifungua, na ndiyo sababu nimelilaza mbali na huyu mbuzi.

(Vijana wanne wa mstari wa nyuma, kuanzia kushoto, wanaondoka polepole. Alute yumo. Karani anadhani wamekwenda kunywa maji.)

Naona baadhi ya vijana wanakwenda kujipanga kwa ajili ya gwaride. Vizuri. Nije kwenye msitu.

Mwezi wa tisa ilisikika kwamba Bwana Mkaguzi anapita huku, na kikosi cha hifadhi kisicho na miti kingeonekanaje? Miche hatukuwa nayo. Hapa ndipo nilipoitumia akili yenu ninyi wenyewe, watu wa huku, na naomba mjipongeze. Kila mmoja wenu ana boma lililozungushiwa minyaa. Nani kati yenu amewahi kuona mbegu ya mnyaa? Unakata tawi, unalichomeka ardhini, unakwenda zako kunywa uji, na mvua mbili tatu zikipita una ua ambao fisi hapenyi. Ndivyo mlivyofanya ninyi, ndivyo walivyofanya wazee wenu. Nikajiuliza kitaalamu: kama mnyaa unakubali, mgunga utakataa kwa sababu gani? Mkuyu je, una kiburi gani? Nikatoa amri. Vijana wakapanda kilimani, wakakata matawi elfu moja na mia nne kwenye kile kijisitu cha juu ya korongo, wakayachomeka pale bondeni kwa kamba, mstari hadi mstari. Jioni ile Mungaa ilikuwa na msitu. Nilisimama mbele yake nikatokwa na machozi, na sioni haya kulisema.

(Mzee mmoja anauliza msitu huo uko wapi.)

Msitu ulidumu siku nne, mzee wangu. Siku ya tano ulisinyaa, siku ya sita mbuzi wakaingia, na Mkaguzi akawa amepita njia ya Shelui. Lakini nimesikia maneno huko kwenye vilabu vya pombe kwamba ili kupata msitu ule tulikata miti iliyokuwa inashika udongo juu ya korongo. Huo ni upotoshaji na naukanusha rasmi. Hatukuikata. Tuliihamisha.

(Kicheko kikubwa. Mzee aliyeuliza anashika tumbo. Kwa wakati huu mstari wa vijana umebaki na watu kumi na moja. Upande wa korongoni panasikika panga.)

Na kwa kuwa nimetaja minyaa, nimalizie jambo hilo. Huyu Alute alinijia wiki mbili zilizopita, akaniamkia vizuri, akavua kofia. Akasema, "Bwana Damiani, tuchomeke minyaa yenyewe, humohumo korongoni, mistari ya kukingama, tupange mawe nyuma yake. Maji yakija yataacha udongo hapo. Minyaa itashika." Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamweleza kwa upole kwamba mnyaa haumo kwenye orodha ya miti inayotambuliwa, kwamba utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza, na kwamba Bwana Mkaguzi hawezi kupigwa picha amesimama mbele ya ua wa ng'ombe. Akasema sawa. Ni kijana mtiifu sana, ametoka hapa sasa hivi, naamini amekwenda kupanga wenzake kwa urefu.

(Ngurumo, mbali. Akina mama waliokuwa juani wanainuka wote kwa pamoja, wanakunja mikeka. Jumbe Filipo anamnong'oneza karani aandike kwamba baraza bado limejaa. Karani ameandika hivyo.)

Akina mama, msiogope ngurumo, ni radi ya kawaida, haimo kwenye programu. Kwa kuwa naona mna haraka, nitafupisha ahadi, niwape zile kubwa tu. Kila kijana wa Kikosi atapata kaptura ya kaki, na wasichana watapata kitu cha kaki ambacho kamati itakiamua. Kila kijana atapata beji. Tutakuwa na filimbi tatu kwa zamu. Tutakuwa na kitalu cha miche elfu ishirini, tutakuwa na trekta, na sinema itakayokuja na gari kutuonyesha udongo wa nchi nyingine unavyokaa kwa adabu. Tutafungua tawi Shelui, tutafungua tawi Nduguti, na watu watatoka Dodoma kuja hapa Mungaa kujifunza kwetu, na watakapofika watauliza, aliyeanzisha haya ni nani? Hapo mimi nitainamisha kichwa, nitawaacha ninyi mjibu.

(Hakuna makofi. Kwa hesabu ya karani, waliobaki ni Jumbe Filipo, wazee watatu wasioweza kutembea haraka, Mwalimu Ezekieli, Mama Anastazia na mbuzi. Huko korongoni kunasikika mawe yanaangushwa na watu wanapokezana wimbo wa kulimiana mashamba.)

Naona Mama Anastazia amesimama. Mama, muda wa maswali ni baada ya shukrani, lakini kwa heshima ya ujane wako, sema.

(Mama Anastazia anasogea mpaka mbele ya meza. Maneno yake ni haya: "Mwanangu Damiani, sina neno na Kikosi. Umesema vizuri na umetuchekesha. Watoto wako korongoni na jirani wote, wanachomeka minyaa. Majembe yetu mawili yalivunjika mpini asubuhi na wingu hilo linakuja. Naomba hilo jembe.")

Mama. Mama yangu. Nakuelewa. Lakini hili ni jembe la mfano, limo kwenye rejista, na halijafunguliwa na anayestahili kulifungua. Nikikupa hivihivi nitakuwa nimetoa mali ya serikali bila kibali, na mtu aliyekaa ofisini miaka tisa hawezi kufanya hivyo hata akilia ndani kwa ndani.

(Mama Anastazia haondoki. Anauweka mkono wake mezani, karibu na jembe. Mkono una udongo na utomvu mweupe wa mnyaa uliokauka.)

Basi. Basi, kibali ninacho. Nilitaka kukiweka mwisho kiwe kilele cha sherehe, lakini nakileta sasa kwa ajili yako Mama, ujue kwamba Kamanda ana moyo. Tazameni wote mliobaki. Hii hapa ni barua kutoka ofisi ya juu, imefika juzi kwa mjumbe, na muhuri wake haujavunjwa. Ni jibu la barua yangu ya mwezi wa pili! Sikuifungua, nimelala nayo chini ya mto siku mbili, kwa sababu habari ya heshima namna hii haifunguliwi chumbani na mtu mmoja kama barua ya shemeji. Humu ndani mna jina la Kikosi, mna zana, mna kaptura, na mna ruhusa ya jembe. Naivunja. Naam. Imeandikwa kwa Kiingereza kirefu, na mimi leo nimeacha miwani, kwa hiyo namwomba Mwalimu Ezekieli asogee, aisome kimoyomoyo kisha atutangazie kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kupunguza sifa.

(Mwalimu Ezekieli anaisoma. Anaisoma tena. Anamwuliza Bwana Damiani kwa sauti ya chini kama hapendi waizungumze pembeni. Bwana Damiani anasema hapana, atangaze, raia wana haki. Mwalimu anatangaza: "Barua yako ya mwezi wa pili imeonekana wiki hii. Haikuambatanishwa na fomu inayotakiwa, kwa hiyo haikupelekwa mbele. Hakuna kikosi cha namna hiyo katika wilaya hii, na hakijapata kuwepo. Hakuna mkaguzi aliyepangwa kuja. Jembe la mfano ulilopewa kuwaonyesha watu lirudishwe.")

(Karani anatazama kalamu yake. Jumbe Filipo anatazama mbuzi.)

Mwalimu, hapo pa "hakijapata kuwepo", umehakikisha?

(Mwalimu anasema amehakikisha. Anasema pole.)

Asante. Eeh. Fomu.

Vijana thelathini na wawili. Nimewaandika kwa mkono wangu, najua hata nani ana mama mgonjwa. Alute aliteremka kwenye lori. Nilimwambia kwa cheo changu ateremke, naye akateremka, na miezi minane nimemtembeza na jembe begani mpaka kisimani na kurudi wakati shimo linakwenda kwa mama yake. Naona aibu. Kefa, hilo usiandike.

(Karani ameandika.)

Lakini hotuba lazima ifungwe, haiwezi kuachwa wazi namna hii. Nifunge kwa miito yetu, kama tulivyofanya mazoezi. Nikisema Kikosi, ninyi mjibu Imara. Kikosi!

(Anayejibu ni mbuzi.)

Udongo!

(Kutoka korongoni sauti ya Alute inasikika wazi: "Leteni mawe!")

Mbele daima!

(Sauti ileile: "Makubwa, jamani, hayo madogo yatachukuliwa!")

Basi, nitoe shukrani. Namshukuru Bwana Mkaguzi kwa kutokuja mahali ambapo hakuwa amepangwa kuja, na kwa kiti chake, ambacho kimevumilia sana. Namshukuru Jumbe Filipo kwa kupiga makofi bila kutazamwa. Nawashukuru wazee hawa watatu ambao magoti yao yamenipa hadhira. Namshukuru Mwalimu Ezekieli kwa kusoma bila kunicheka, ingawa nimeona mdomo. Na zaidi ya wote nawashukuru vijana wa Kikosi cha Kuhifadhi Udongo, Maji, Miti na Mambo Yanayohusiana Nayo, Tawi la Mungaa, ambao hawakuandikishwa popote, hawana kaptura, hawana beji, hawana kamanda, na ambao kwa mujibu wa barua hii niliyoishika hawako, ingawa mnasikia wanavyopiga kelele huko chini.

Kefa, chukua karatasi mpya. Andika jibu kwa ofisi ya juu. Andika: Kuhusu barua yenu, nimeipata na nimeelewa. Kikosi hakipo. Kuhusu jembe la mfano, nasikitika kuwaarifu kwamba halitaweza kurudishwa, kwa kuwa limepotea. Weka nukta. Hapana, ifute hiyo nukta. Limepotea kazini.

Mama, pokea. Subiri nikate huu uzi. Au lete hapa, nitalibeba mwenyewe, wewe tangulia unionyeshe pa kupita, maana kule mimi nimezoea kupima tu.

(Hotuba imekatika hapa. Msemaji amevua viatu akaviacha chini ya meza, akashuka na Mama Anastazia. Mwalimu Ezekieli amekunja suruali akawafuata. Matone ya kwanza yanaangukia karatasi hii, na Jumbe Filipo ameniruhusu nifunge daftari.)

(Imeongezwa na karani, Jumatatu. Mvua ilinyesha mpaka jana mchana. Mistari miwili ya juu ya minyaa ilichukuliwa na maji. Mistari mitano imebaki, na nyuma yake pamekaa udongo unaofika magotini. Mama Anastazia amepika uji nyumbani kwake asubuhi hii, na moshi umeonekana. Korongo limesimama hatua kumi na moja kutoka mlangoni. Nimezipima mimi, kwa viatu vya Bwana Damiani, kwa kuwa mwenyewe bado yuko korongoni na havihitaji.)